Ufukwe Usio na Unyayo

Bwana Rugemalira alikodi hoteli nzima ya ufukweni, na bado hakuridhika. Alimwagiza meneja awafukuze wanawake wanaolima mwani mbele yake, eti wanamharibia mandhari.

Mwanamize, mmoja wao, alimfuata tajiri huyo kwa unyenyekevu. "Bwana, hapa ni kama sokoni. Kuna ufukwe tunaoujua wenyeji tu. Hauna unyayo hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata wa kaa."

Asubuhi alimvusha kwa ngalawa mpaka kwenye mchanga mweupe uliozungukwa na bahari. Tajiri akafungua mwavuli, akajinyoosha kwenye kiti.

"Kaa mbali, mama. Usisogee mpaka nikuite."

Mwanamize akarudi kungoja ngalawani, mbali kidogo.

Adhuhuri tajiri aliita. Maji yalikuwa magotini, mwavuli unaelea.

"Mchanga umekwenda wapi?"

"Maji yanajaa, bwana. Bahari huufuta kila siku, ndiyo maana hauna unyayo. Nikurudishe? Ila kule kuna wale wanawake wa mwani."

"Waache walime! Hawafukuzwi!"

"Sikusikii, bwana. Upepo huu!"

Maji yalipofika kiunoni, tajiri aliirudia ahadi kwa sauti kubwa hata wanawake wote pwani wakamsikia, wakamjibu kwa vigelegele.

Hapo Mwanamize akashika kasia.