Picha ya Popo

Mtu akimwaga maji, hata apige magoti kuyakusanya kwa viganja, atakachopata ni tope. Wahenga waliliona hilo zamani. Msichana mmoja, ambaye wenzake darasani walimwita Kiherehere, hakulielewa mpaka alipoingia pangoni.

Jina hilo alilipata kwa kukosa subira. Mwalimu akianza kuuliza swali, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Wewe hata kuzaliwa ulimtangulia mkunga," walimtania, naye alicheka nao. Lakini ukimtoa mwalimu wao wa baiolojia, hakuna aliyewapenda popo kama yeye.

Mwaka huo popo wa pango la karibu na shule walikuwa hatarini. Mwenye machimbo ya mawe alitaka kukilipua kilima chao kwa baruti. Mwalimu alihangaika ofisi hadi ofisi, akaambulia ahadi moja: afisa wa wanyamapori angekuja mwisho wa juma, na akiwakuta popo wanalea watoto, pango lisingeguswa. Basi mwalimu akapiga kambi kilimani na darasa lake ili wamsubiri huku wakijifunza.

Mlangoni mwa pango alifunga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye kila tochi. "Humu ni wodi ya wazazi," alisema. "Mwanga mweupe hapana, kelele hapana. Mama akishtuka anaruka, na mtoto asiyeshika vizuri anaanguka. Mmenielewa, wanangu?"

"Tumekuelewa, Mwalimu."

Wakaingia wakiinama. Joto na harufu kali ya kinyesi viliwapokea. Popo walikuwa wamejaa dari nzima, kila mama na kitoto chake kifuani, wametulia tuli kama maji mtungini. Kiherehere alilengwalengwa na machozi kwa furaha.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Je, afisa akikataa kuinama na kuingia kwenye uvundo huu? Picha ingekata mzizi wa fitina. Wenzake walipotoka, yeye alibaki nyuma, akachomoa kamera aliyoazima kwa kaka yake. Rafiki yake, aliyebaki naye, akamshika mkono.

"We! Si Mwalimu amekataza?"

"Moja tu. Nawaokoa hawa."

Kamera ikamulika. Dari nzima ikaruka. Upepo wa mabawa uliwapiga usoni, kisha vitu vidogo, laini, vikaanza kudondoka mabegani na miguuni mwao. Kiherehere alipiga magoti, akaviokota kimoja kimoja na kuvibandika ukutani. Vikateleza. Akavibandika tena.

"Shikeni! Shikeni, jamani!" alilia.

Mwalimu alirudi mbio, akamkuta hivyo. Hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alivua koti lake, akalitandaza, wakaanza kuvikusanya vitoto humo.

"Mama zao watarudi, Mwalimu?"

"Tungoje."

Wakangoja. Giza lilipoingia wachache walirudi, wakazunguka, wakaenda zao. Kesho yake hata hao hawakuonekana. Ndani ya koti, vitoto vilikuwa vimepoa.

Afisa alikuja kama alivyoahidi. Aliinama bila kusita, akaingia, akamulika dari tupu.

"Mwalimu, popo wako wapi?"

Kiherehere akainyoosha kamera kwa mikono miwili. "Hawa hapa, shikamoo," alisema, maneno yakimtoka shaghalabaghala.

Picha ilikuwa nzuri mno. Hata kucha za vitoto zilionekana, zimeng'ang'ania manyoya ya mama zao. Afisa aliitazama sana, kisha akamrudishia kamera.

"Marahaba, binti yangu. Lakini mimi nimetumwa kuwaona waliopo."

Juma lililofuata mlipuko ulisikika hadi darasani. Madirisha yalitetemeka, na kipande cha chaki kikaviringika mezani mpaka kikaanguka. Mwalimu alikiokota, akauliza swali lake. Darasa zima liligeuka kumtazama Kiherehere, lakini mikono yake ilibaki mapajani, viganja wazi, kama mtu anayejaribu kushika kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.