Chumvi ya Wazazi Wawili Wakali

Palikuwa na mzee mmoja ambaye binti yake alikuwa mwalimu wa kemia. Siku ya posa, mshenga alikuja pamoja na bwana harusi, akaleta na sharti: binti aache kazi kwanza.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Mmoja akiwa mkali, mwenziwe awe mpole. Hapo ndipo penye amani."

Mzee aliitaka sana ndoa ile. Akainamisha kichwa, akaanza kuitikia.

Binti akaomba ruhusa, akaleta glasi mbili za maji. Katika moja alikoroga magadi, haya tunayolainishia maharage. Katika ya pili, chumvi ya mezani. Kwa wanakemia, zote mbili huitwa chumvi, kwa kuwa kila moja huzaliwa na tindikali na kinyume chake, besi.

Akachovya karatasi nyekundu ya litmasi, ipimayo tindikali na besi, kwenye maji ya magadi. Ikageuka buluu.

"Mzazi mmoja wa magadi ni besi, kostiki soda, mwenye nguvu," alisema. "Wa pili ni tindikali ya kaboni, dhaifu, ile ya mapovu ya soda tunayokunywa. Mtoto kaegemea upande mmoja: maji yamekuwa ya besi."

Kwenye maji ya chumvi, karatasi nyekundu ilibaki nyekundu, na ya buluu, ambayo tindikali huigeuza nyekundu, ikabaki buluu.

Mshenga akacheka. "Si unaona, bibie! Huyo aliyetulia ndiye mwenye wazazi wapole!"

"Hapana, mjomba. Wazazi wake ni kostiki hiyohiyo, inayochubua ngozi, na tindikali ya haidrokloriki, inayotafuna chuma. Wote wakali. Hakuna aliyemlemea mwenziwe."

Mzee akainua kichwa. "Mshenga, posa nimeipokea. Sharti rudi nalo. Binti dhaifu sina; sikumlea."

Wapendwa, mnadhani nani alijibu? Ni bwana harusi, aliyeketi nyuma ya mshenga.

"Baba, sharti lilikuwa langu. Niliogopa kuonekana mdogo kwake. Naliondoa mwenyewe."

"Sasa nimekuona," alisema mzee. "Sogea unywe chai."

Ndugu zangu, ni mara ngapi sisi humpunguza mmoja nguvu, kisha tukaita hali ile amani? Wewe uliyemwambia mkeo ashushe sauti, nyumba yako imetulia, au imenyamaza tu?

Mabinti wa kanisa hili wana nguvu. Tuliwasomesha, tukawaombea wawe hivyo, na Mungu alitusikia. Mimi najivunia, na nalisema hapa madhabahuni bila kuona haya. Vijana wa kiume, msituombe tuwapunguze. Kueni muwafikie.