Mkeka wa Aliyeuokoa Mguu Bila Kuuona

Hiki ni kisa ambacho msimuliaji wake hajawahi kukitegua. Amewasimulia wasomi na wauza samaki, kila mtu akamjibu lake, naye akarudi nyumbani akiwa pale pale. Huenda ninyi mtamsaidia.

Walikuwapo Tanga watu watatu waliotengeneza programu za simu. Mwantumu alikuwa na kipaji cha kuiangusha programu. Aliibonyeza kama mtu mwenye maumivu na haraka, mpaka kosa lililojificha likajitokeza.

Semboja alikuwa na kipaji cha kuwahi. Programu inapofanya kazi, kila inachoshika hukaa kwenye kumbukumbu ya simu, na ikianguka vyote hupotea. Yeye alijua wakati wa kuchomeka waya na kuichukua kumbukumbu ile yote, kama picha, kabla haijapotea.

Kihiyo alikuwa na kipaji cha kusoma. Ukimpa picha hiyo yenye vitu maelfu kwa maelfu, atakuonyesha kimoja kilichogoma kuondoka, na nani amekishikilia.

Programu yao moja iliwahudumia wagonjwa wa kisukari wenye vidonda. Mgonjwa alipiga picha ya kidonda kila asubuhi, muuguzi akaitazama akiwa hospitali. Ofisini waliijaribu kwa picha tatu nne za maua, haikuanguka hata mara moja. Kwa Bi Mwanaidi, mgonjwa wa kule Pongwe, ilianguka kila alipoifungua. Siku nne muuguzi hakupata picha yake, na kidonda hakikusubiri.

Mwantumu na Semboja wakaenda kwake. Mama alikaa amefunika miguu kwa khanga, udi unafuka chumba kizima, na bado harufu ilipenya. Mwantumu akapumulia mdomo, akaona aibu kwa hilo. Akamweleza kwamba wanaihitaji simu yake kwa saa moja.

"Mwanangu, mguu huu hata wanangu sijawaonyesha," alisema Bi Mwanaidi. "Anauona muuguzi tu."

"Hatutauona, mama. Tunatafuta ugonjwa wa programu, si wako."

Mwantumu alisema hivyo bila hila. Tangu aanze kazi ile, kila kumbukumbu waliyoichukua ilikuwa na maua. Semboja ndiye aliyejua kwamba humo huingia kila kitu. Alinyamaza, kwa sababu mama alikuwa ameshanyoosha mkono wenye simu.

Mwantumu akaibonyeza mpaka ikaanza kusuasua. Semboja akaikamata kumbukumbu sekunde chache kabla programu haijaanguka. Ofisini Kihiyo akaifungua, na kioo chote cha kompyuta kikajaa mguu.

Mguu mara sitini: kidole kikiwa chekundu, kikiwa cha kijivu, kikiwa cheusi, usaha umeganda kwenye ndala. Chini yake yalikuwapo maneno aliyomwandikia muuguzi, kwamba mumewe amehamia sebuleni. Semboja aligeukia dirishani asitazame. Mwantumu alitazama. Kihiyo akaisukuma kando sahani ya sambusa.

"Huyu angefungua genge la supu ya makongoro," alisema, akacheka.

Pengine alicheka ili asitapike. Watu hufanya hivyo. Lakini Mwantumu alihisi kichefuchefu kinahama kutoka kwenye mguu, kinamwendea Kihiyo, kisha kinamrudia yeye mwenyewe, ambaye ahadi yake haikuwa imemaliza hata siku.

Kihiyo aliendelea kusoma, na jioni akaliona kosa. Kila ilipofunguliwa, programu ilizibeba picha zote za tangu mwanzo na haikuiachia hata moja, mpaka kumbukumbu ya simu ikajaa. Wakairekebisha. Kesho yake picha ikamfikia muuguzi, Bi Mwanaidi akaitwa hospitali. Alikatwa kidole, mguu ukapona.

Baada ya miezi miwili muuguzi akaleta mkeka wa ukindu, mwembamba, wa kulalia mtu mmoja. Bi Mwanaidi aliusuka akiuguza kidonda, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: umfikie yule aliyeuokoa mguu wangu bila kuuona.

Hakuna aliyeugusa. Semboja alisema yeye ndiye ambaye hakutazama. Mwantumu akamjibu kwamba asiyetazama ndiye aliyejua tangu mwanzo kwamba picha zitakuwamo. Kihiyo akasema yeye hakumwahidi mtu kitu, na bila macho yake mguu ungekuwa umeshazikwa. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja, puani mwa Mwantumu, alinuka.

Wakaamua mambo mawili: kumbukumbu ile ifutwe popote ilipo, na mama aambiwe. Kihiyo akaifuta. Mwantumu akaenda Pongwe, akakiri kwamba mguu ulionekana.

Bi Mwanaidi akauliza: "Walicheka?"

"Mmoja wetu alicheka, mama."

"Mkeka nimeshautoa," alisema. "Siuchukui tena. Amueni wenyewe."

Wenyewe walishindwa. Haya basi, mliosikiliza: mmoja aliahidi akatazama, mmoja alijua akanyamaza, mmoja alisoma akacheka, na angekosekana yeyote kati yao mguu usingekuwapo. Mkeka uko mikononi mwako sasa. Utamkabidhi nani?