Mkungu Ulioitika Hodi

Hadithi naileta!

Ilete, tumekaa.

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja, aliishi fundi cherehani jina lake Zamda, pamoja na mama yake, Bi Mwanaidi, aliyekuwa haoni. Mbele ya nyumba yao ulisimama mti mkubwa wa mkungu. Mizizi yake ilitambaa juu ya ardhi mpaka mlangoni.

Zamda alimpenda mama yake, jamani, alimpenda mno. Siku moja mama akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka. Zamda hakuuliza neno. Akachukua shoka, akaukata mzizi ule, akafukia.

Kigogota, yule ndege agongaye miti, akatua shinani. Ko, ko, ko. "Hodi." Mti ukanyamaza.

"Mti mzima hauitikii," akamwambia Zamda. "Ila usikate tena. Kwenye kidonda kile uozo utaingia."

"Wewe tafuta wadudu wako," akasema Zamda.

Miaka ikapita. Mama akajikwaa tena, Zamda akakata mzizi wa pili. Kigogota akapiga hodi. Safari hii ndani ya mti kitu kikavuta pumzi, taratibu.

"Umesikia?" akauliza Kigogota.

"Majani mabichi, kivuli tele. Usinitie wasiwasi bure."

Miaka ikapita tena. Mama akaanguka vibaya, akaumia goti. Zamda akakata mzizi wa tatu, mnene kama paja, upande ule ule wa ile miwili, unakotoka upepo. Kigogota akapiga hodi.

"Karibu," ikaitika sauti ndani ya mti.

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanaidi. Zamda akachungulia dirishani. Mama yake alikuwa amelala, kinywa amefumba.

"Mle hamna mti tena," akasema Kigogota. "Mimi nahama." Akaruka, akaenda zake.

Alasiri moja ikaja dhoruba. Zamda na mama yake walikuwa ndani, wameshikana mikono. Mara Zamda akasikia mama yake akimwita kutoka nje: "Zamda, naingia."

Na mama alikuwa pale pale ubavuni pake, kimya.

Zamda alimbeba mgongoni, akatoka mbio kwenye mvua. Hawajafika kwa jirani, mkungu ukailalia nyumba, ukaiponda mpaka sakafuni.

Mvua ilipokatika, majirani wakaja kutazama shina lililong'oka. Ndani lilikuwa pango tupu. Upande mmoja hapakuwa na mizizi, ila vigutu vyeusi. Bi Mwanaidi akavipapasa kimoja kimoja.

"Nani kakata?"

"Mimi, mama. Ulikuwa unajikwaa."

"Mara ya kwanza nilijikwaa kwa haraka zangu tu. Mizizi hii ndiyo iliyokuwa ikiongoza miguu yangu mpaka mlangoni. Ulipokata mmoja ndipo nikaanza kupotea njia. Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

Zamda akalia.

Basi enyi mliokaa, funzo ni hili: kabla hujaondoa kinachokukera, uliza kimeshikilia nini. Na umpendaye, muulize kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake nirudishieni mwenyewe.