Mkono wa Bi Kazija

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kinyonge kama waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa sogeeni.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha pwani, aliishi bibi kizee, Bi Kazija, rafiki wa pomboo. Enzi za macho yake alikuwa akisimama mwambani, na akiona dagaa wamejikusanya, hunyoosha mkono. Pomboo huibuka, pfuu! pfuu! Huutazama mkono ule, huenda pale pale unapoonyesha, wakawaswaga dagaa mpaka nyavuni. Kijiji kikala, kikashiba.

Kisha Bi Kazija akapofuka. Lakini kila asubuhi alijikongoja mpaka mwambani, akawapungia pomboo. Watu wakamcheka.

"Bibi, unampungia nani nawe huoni?"

"Mimi siwaoni," akajibu. "Wao wananiona."

Watu bwana! Samaki wake wamekula, na kumcheka wanamcheka.

Basi siku moja wanaume walikwenda harusini, kisiwa cha pili, na vyombo vyote vya baharini. Ufukoni kikabaki kihori kimoja, kimtumbwi kibovu. Riziki, binti wa mama mmoja aitwaye Mishi, kitoto kitundu hicho, akaingia humo kucheza. Maji yakaanza kupwa. Yakakivuta kihori, yakakivuta, yakakivuta, mpaka mkondoni. Na kihori kinavuja!

"Mama weee!"

Kijiji kizima mbio ufukoni. Mishi akataka kujitosa, wakamzuia, maana mkondo ule ulikuwa haumrudishi mtu. Mara, pfuu! pfuu! Pomboo hao! Watu wakapiga kelele, wakapunga mikono. Huyu kulia, yule kushoto, mwingine juu. Pomboo wakazunguka, wakazunguka, wasijue waende wapi. Kihori kinazama.

Bi Kazija akafika na mkongojo wake, akawasikia wakiitana, "Punga huku! Punga kule!"

"Shusheni mikono!"

"Lakini bibi, mtoto..."

"Shusheni, nasema! Mikono yote hiyo, wamfuate nani?"

Mikono ikashuka.

"Mishi yuko wapi?"

"Niko hapa, bibi." Analia.

"Mkono wangu wanaujua, ila macho sina. Macho unayo wewe. Njoo nyuma yangu, mwanangu. Nishike mkono, uuelekeze kwa mwanao."

Mishi akamkumbatia kwa nyuma, shavu kwa shavu. Akaushika mkono ule mkavu, akauinua, akaulenga kihorini.

Pomboo wakatulia. Wakautazama. Pfuu! Wakaenda moja kwa moja, wakakiegemea kihori kwa pua zao.

"Sasa mlete nyumbani," Bi Kazija akanong'ona.

Mishi akauvuta mkono taratibu, kutoka mkondoni kuja mchangani. Kihori kikafuata. Sukuma, sukuma, sukuma, kikagota.

Riziki akashuka, amelowa chapachapa.

"Mama, mbona unalia?"

Mishi alimkumbatia mtoto, akamkumbatia na bibi.

Bi Kazija alipofariki, kijiji kililia sana. Asubuhi iliyofuata Mishi alikwenda mwambani peke yake, akanyoosha mkono. Pfuu! Wakaja.

Basi wajukuu zangu, mwenzenu akipatwa na shida, msipunge kila mtu kivyake. Mtafuteni anayejua, hata kama mlikuwa mkimcheka, mkaushike mkono wake.

Ngano yangu imegota mchangani, nami nashukia hapo.