Siku Alipoagwa Nguchiro

Nikisema njia, nyinyi semeni ndefu. Nikisema mguu, semeni wangu. Asiyeitikia asije akaniuliza mwisho iliishaje.

Njia!

Ndefu.

Njia!

Ndefu.

Mguu!

Wangu.

Haya, twendeni, na aliyekaa nyuma asukume mlango, kuku wasituingilie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na chuo kikuu na binadamu bado wanahesabu kwa vidole, alikuwepo Nguchiro. Kama hamumjui nguchiro, ni yule mnyama mdogo, mwembamba kama soksi, anayemuua nyoka kabla nyoka hajajua kama kumekucha. Mwaka huo Nguchiro alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo kikuu. Alisomea mashimo. Msicheke. Alianza na shimo fupi, akaja shimo refu, akamalizia na shimo lenye kona, akafaulu yote, akavishwa kofia ya manyoya ya kanga, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sherehe zilipokwisha akarudi nyumbani na shahada yake, akakuta mashimo yote yameshachimbwa na wasiosoma.

Lakini Nguchiro hakulia, maana moyoni alikuwa na jambo lake moja. Alitaka kuvuka Mto Mkuu aende ng'ambo, nchi hadi nchi, mwaka mzima, halafu arudi. Haendi kutafuta kazi, haendi kuoa, haendi kuzika. Anakwenda kuona. Wanyama wakamuuliza kuona nini, akasema sijui, ndiyo maana nakwenda. Wakatazamana. Mwingine akamnong'oneza mwenzake kwamba kusoma sana nako kuna madhara yake.

Mashauri ya safari aliyachukua kwa Korongo, ndege ambaye kila mwaka huenda huko na kurudi na maringo mapya. Korongo alimwambia safari ndefu haimtaki tajiri, inamtaka mwenye kujibana. Usile wanapokula wageni. Lala kwenye kichuguu kilichohamwa. Na kila mlango utakaobisha sema wewe ni mwanafunzi, hata ukiwa na mvi, kwa sababu huko mwanafunzi huonewa huruma. Zaidi ya hayo Korongo akaahidi kumwonyesha njia, yeye juu, Nguchiro chini, wakiondoka siku moja.

Basi kujibana Nguchiro alishakuzoea. Tangu yuko chuoni, wenzake walipokula wakashiba, yeye alikula akabakiza. Mama yake, Bi Nguchiro, alimenya mihogo akaianika juu ya mwamba mpaka ikawa makopa, yale makavu ya kuliza meno, yasiyooza hata ukisafiri nayo mpaka jua linapolala. Akakaanga karanga. Akakausha kumbikumbi. Yote yakaingia kwenye gunia la masurufu, na gunia likanenepa mpaka likawa linasimama lenyewe pembeni mwa jiko kama mgeni.

Sasa nipeni masikio, maana hapa ndipo penye desturi. Katika nchi ile mtu haondoki hivi hivi kama moshi. Lazima aagwe. Anayeagwa anakalishwa kwenye mkeka mpya, anawekewa sinia lake peke yake, anakula mpaka amalize huku wengine wanameza mate. Akimaliza, Bibi Kobe, mkongwe kuliko wote, anamwagia maji kwenye visigino. Maji yakishagusa visigino, umeshaondoka. Ukilala usiku mwingine upande huu wa mto, mvua inakimbia nchi na mto unakauka. Kwa hiyo maji yale hayakuwa ya mchezo. Na bila kuagwa huvuki, kwa sababu kivuko chote kilikuwa ni chake Kiboko.

Huyo Kiboko alikuwa mjomba wa kila mtu. Si kwa damu, kwa ukubwa. Tena alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuaga. Palipokuwa na harusi, yeye alimwakilisha bwana harusi mezani. Palipokuwa na matanga, yeye alimwakilisha marehemu. Alikuwa na mdomo ambao ukifunguka unaweza kuingiza ng'ombe na ndama wake wakageuza humo humo, wakatoka. Nimeuona kwa macho yangu mawili, msibishe.

Kamati ikaanza vikao.

Ndi, ndi, ndi, Kiboko amekuja.

"Mpwa wangu, masurufu yapo?"

"Yapo, mjomba."

"Yanatosha?"

"Yanatosha, mjomba."

"Kamati haiamini kwa masikio. Hebu tuonje."

Akaonja. Chaku, chaku, chaku. Gunia likapungua shingo. Kiboko akajifuta, akasema kikao kimefungwa, tutakutana tena kupanga siku.

Ndi, ndi, ndi, Kiboko amekuja.

"Mpwa wangu, masurufu yapo?"

"Yapo, mjomba, ila yamepungua."

"Ndiyo maana nimekuja, kamati lazima ijue yamepungua kiasi gani. Hebu tuonje."

Chaku, chaku, chaku. Gunia likapungua mabega. Kikao kikafungwa, siku haikupangwa.

Ndi, ndi, ndi, tena. Safari hii Kiboko hakuuliza kitu. Alikaa, akavuta gunia, akaonja huku anahutubia kuhusu vijana wa siku hizi wanaotaka kwenda ng'ambo bila kufuata utaratibu. Gunia likapungua kiuno, na siku ikapangwa: keshokutwa.

Nguchiro akatazama kilichobaki. Kikao kimoja zaidi, gunia litakuwa tambara la kufutia miguu. Tena akajua sinia la mkekani litatoka humo humo, na Mwenyekiti atataka kulionja nalo. Alikaa jikoni na mama yake. Bi Nguchiro akasema mwanangu, kama safari yenyewe ndiyo hii, si uache tu. Nguchiro akasema mama, nikiacha, nitakaa hapa nikichimba mashimo ya choo ya watu mpaka nife. Kisha akamwambia atoe sehemu ndogo apike sinia, na yaliyobaki ayafiche chini ya majivu, asimwonyeshe mtu mpaka siku ya safari. Hakumwambia zaidi. Mama yake hakujua kusema uongo, na Nguchiro alikuwa na akili kiasi cha kumficha mama yake mpango. Likumbukeni hilo, nyinyi wenye akili.

Asubuhi ya kuagwa akaenda kivukoni, chwi chwi chwi, akamkuta Kiboko amezama, pua mbili zinaelea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sinia limeiva?"

Nguchiro akajikunja, akashika tumbo. Akasema sinia limeiva, na ndiyo taabu yenyewe. Mama amepika la kuwashinda tembo wawili, yeye tumbo lake ni hili la kufunikwa kwa jani, na desturi inasema anayeagwa asipomaliza sinia maji hayamwagwi. Atafanyaje? Labda amwagie jalalani.

Zile pua mbili zikatoka majini, zikafuatwa na kichwa kizima.

"Jalalani? Wewe mtoto umesoma au umesomeshwa? Mimi Mwenyekiti nipo. Nitakuwakilisha."

"Mjomba, unaweza kukaa mkekani kwa niaba yangu?"

"Nimekaa kwa niaba ya marehemu, nitashindwa kwa niaba yako?"

Nguchiro akashukuru mpaka pua ikagusa tope.

Mchana wanyama wakakusanyika. Mkeka ukatandikwa. Ndi, ndi, ndi, Kiboko akaja akaketi juu yake, mkeka wote ukapotea. Wanyama wakashangaa, lakini nani angeuliza? Sinia likaletwa, Kiboko akainamia. Chaku, chaku, chaku. Akala upande wa kulia. Chaku, chaku, chaku. Akala upande wa kushoto. Akalamba katikati mpaka sinia likaonyesha sura yake.

Bibi Kobe akaja nyuma na kibuyu. Yeye kwa uzee wake hakuwa anatazama sura za watu, alitazama visigino. Akaviona visigino vimekaa kwenye mkeka mpya, sinia limekwisha. Akainamisha kibuyu. Chwaa.

Kiboko akageuka kama mwamba unaobingirika.

"Bibi, umekosea. Mimi nawakilisha tu."

Nguchiro akakohoa kidogo, kwa adabu.

"Mjomba, kula unaweza kumlia mtu. Na visigino vyako navyo vimelowa kwa niaba?"

Wanyama wakavitazama visigino. Vilikuwa vimelowa kweli. Na hapo kila mmoja akakumbuka kilicho chake kilichowahi kuonjwa: huyu mtama, yule asali, mwingine pilau lote la harusi ya bintiye. Swala akaanzisha wimbo wa kuaga, sauti nyembamba, inatetemeka. Nyumbu akaupokea. Mara uwanja mzima unaimba nenda salama mjomba, nenda salama, wengine machozi yanawatoka, na hayakuwa ya huzuni.

Kiboko alinguruma, lakini hakukaidi. Atakaidi vipi? Mto ukikauka, nani wa kwanza kukaangwa na jua? Akainuka, akaanza kuelekea majini. Nguchiro akahisi kila unywele wa mgongo wake unacheka. Kesho, akajisemea, ataagwa yeye na mamaye na Bibi Kobe tu, sinia dogo, maji kidogo, halafu njia. Masurufu yapo chini ya majivu.

Basi hadithi ingeishia hapa kama ningekuwa mtu mwema.

Bi Nguchiro alisimama katikati ya uwanja akapiga makofi, wimbo ukakatika.

"Jamani, mnamwacha mwenzenu aende ugenini mikono mitupu? Sisi ni watu wa namna gani?"

Akaingia jikoni. Akatoka anaburuza gunia, burrr, burrr, jivu linapuruka. Kwa sababu desturi, watoto, ina upande wa pili, na huo Nguchiro hakuupigia hesabu: yaliyofungwa kwa ajili ya safari huondoka na aliyeagwa. Alishika nusu ya desturi iliyomfaa. Nusu nyingine aliishika mama yake, kwa moyo mweupe kabisa. Aliambiwa asilitoe mpaka siku ya safari. Siku ya safari si ndiyo hii?

Nguchiro akafungua mdomo. Aseme nini? Akisema gunia langu, wataulizana mbona mkekani kakaa mwingine. Bibi Kobe atasema maji yamekosea visigino, yafutwe. Kiboko atarudi, na kikao kingine kitaitishwa. Ama gunia, ama Kiboko. Wanyama wote wanamtazama, nyuso zao bado zina ule wimbo.

Akafunga mdomo.

Kiboko akalibeba gunia mgongoni. Akamtazama Nguchiro kwa muda mrefu, na nawaambia, sijawahi kumwona Kiboko na macho laini vile.

"Mpwa wangu, sikujua kama unanipenda hivi."

Akaingia mtoni. Chubwi. Korongo naye akaruka juu yake. Nguchiro akamkimbilia kwenye ukingo, akamwita, akamwambia si tulipatana mimi na wewe? Korongo akajibu kutoka hewani, bila kugeuza shingo, kwamba yeye humwonyesha njia mwenye visigino vilivyolowa.

Kivuko kikabaki wazi, hakuna wa kumzuia mtu. Mnadhani Nguchiro alivuka? Avuke na nini? Gunia lile lilikuwa ujana wake mzima wa kula akabakiza. Akasema atajibana upya. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kuzeeka, na wanyama walikuwa wameanza kusema kijana umesoma, unakaa kaa nini, kuna choo kinataka kuchimbwa kwa Nyumbu. Akachimba cha Nyumbu. Akachimba cha Swala. Kila akimaliza alijiambia baada ya hiki. Kofia ya manyoya ikaliwa na mchwa.

Mwaka ukazunguka, Korongo akarudi. Wakamzunguka kumuuliza habari za mjomba. Korongo akasema mjomba hajambo, amenenepa. Huko ng'ambo kila nchi ina mto, na kila mto anaoufikia analala bure. Kila mlango anabisha, anasema yeye ni mwanafunzi, ndiyo kwanza amemaliza chuo kikuu, anatembea kuona dunia. Wanamwonea huruma, wanampa chakula. Wakimuuliza alisomea nini, anasema uwakilishi. Ameona theluji. Ameona bahari mbili zinakutana. Sasa anafikiria kuongeza mwaka mwingine.

"Na anawasalimu sana," Korongo akasema, "hasa mpwa wake. Ila makopa ya Bi Nguchiro yamemwishia."

Bi Nguchiro akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Akasema masikini, mtoto wa watu yuko ugenini peke yake. Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mihogo na visu viwili. Kisu kimoja akampa mwanawe.

Nguchiro akakipokea, akakaa chini, akaanza kumenya.

Hapo ndipo kamba yangu ilipokatika. Kipande kilichobaki fungieni kuni, na asiyeniamini akavuke mto akaulize.

Na funzo lake, watoto, lishikeni kabla hamjalala: msiwe walafi. Ulafi haumfikishi mtu popote.