Taa Isiyozimika

Usishuke na taa isiyozimika. Asubuhi mliwasikia wachuma zabibu wakiambiana hivyo, mkacheka, eti taa isiyozimika ina ubaya gani? Haya, chekeni sasa mmalize, maana chanzo chake hakichekeshi. Kilianzia hapa hapa Mpunguzi, nyumbani kwa mzee Ndahani.

Mzee huyo alitumikia miaka mingi shamba la mizabibu la familia moja huko Ufaransa. Aliporudi alipanda mizabibu yake, akachimba ghala ndani ya kilima, akawa anachanganya zabibu nyekundu za aina tatu na kuulaza mvinyo wake miaka na miaka kwenye mapipa ya mbao. Pipa moja alilijaza mwaka aliozaliwa bintiye Mbeleje, akaagiza lifunguliwe siku ya harusi yake. Desturi nyingine aliyorudi nayo ni ya kushuka ghalani na mshumaa. Mvinyo mchanga ukichacha hutoa hewa nzito isiyoonekana, inayozima moto na kuua mtu, nayo hutuama chini kama maji. Mshumaa ukififia, geuka upesi.

Mzee akafariki. Mwaka Mbeleje alipoolewa mizabibu ilizaa kupita kiasi, na kaka yake Chilongani akayaweka mapipa ya mvinyo mchanga humo humo ghalani. Siku ya harusi, wageni wakiwa wameshaketi, alichukua jagi na tochi akaenda kuteka mvinyo wa dada yake.

"Kaka, chukua mshumaa," Mbeleje alimwambia.

"Wa nini, na tochi hii inamulika mpaka ukutani? Bibi harusi, tulia."

Mbeleje alibaki mlangoni. Alimsikia kaka yake akishuka ngazi huku anapiga mluzi, kisha mluzi ukakatika na jagi likavunjika. Aliita, hakuitikiwa. Kule chini mwanga wa tochi ulikuwa umelala sakafuni, mweupe, hautikisiki. Akapiga ukelele kuita watu.

Mjomba wao Matonya alikuja mbio akitaka kushuka. Mbeleje akamshika shati. Aliwasha mshumaa, akauteremsha kwa kamba. Haukufika hata nusu ya ngazi ukazimika.

"Mtoto wa dada yangu anakufa mle," mjomba alisema.

"Ukishuka mtakufa wote wawili, mjomba. Twende mlango wa chini."

Ubavuni mwa kilima kulikuwa na mlango wa kutolea mapipa, umepigwa komeo. Waliuvunja kwa shoka, na kwa Mbeleje kila pigo lilikuwa limechelewa. Mlango ulipoanguka, hewa ile ilimwagikia bondeni. Wakangoja. Mshumaa wa pili ulififia, ukayumba, kisha mwali wake ukasimama. Ndipo walipoingia.

Chilongani alitolewa midomo imegeuka rangi. Ilikuwa jioni alipofumbua macho na kuuliza kama harusi imekwisha.

"Haijaanza," Mbeleje alisema, akalia.

Mjomba aliporudi ghalani aliikuta tochi kando ya pipa la Mbeleje, bado inawaka. Akamletea Chilongani mkononi. Kijana aliitazama kwa woga kama mtu anayemtazama nyoka. Ilimmulikia alipoingia, ikammulikia alipoanguka, na angekufa ingemmulikia vilevile.

"Mshumaa ungekufa kabla yangu," alisema.

Basi penye hatari msimfuate asiyedhurika na kinachowadhuru ninyi. Usishuke na taa isiyozimika.